Nina kazi ya kudumu, nina nyumba, na nataka kuondoka

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, maana mchana siwezi kuliwaza jambo hili bila mtu kuniuliza mbona nimenyamaza. Mimi ni mwanamke wa miaka 47. Ni mhasibu, na nimekuwa katika ofisi hiyo hiyo tangu nimalize masomo. Ajira yangu ni ya kudumu, mshahara hauchelewi, nina bima ya afya, na mafao ya uzeeni yanaendelea kujikusanya. Mume wangu alifariki miaka mitano iliyopita. Alituacha mimi na watoto wawili. Mkubwa ameoa na anajitegemea. Mdogo, binti, yuko mwaka wa pili chuoni.

Nyumba ninayoishi tuliijenga mimi na marehemu, chumba kimoja kimoja, kila tulipopata kidogo. Tulihamia ikiwa haina hata rangi, na usiku ule wa kwanza tulilala sote chumba kimoja kwa sababu vyumba vingine havikuwa na milango. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kuna alama za kalamu: urefu wa watoto, mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko wa baba yao. Nimepaka rangi nyumba nzima baada ya msiba, lakini fremu ile sikuigusa. Naijua nyumba hii hata gizani. Najua mlango upi unalia, najua jua la asubuhi linaanzia dirisha gani. Miti yote iliyoko uani nimeipanda kwa mikono yangu. Ukutani sebuleni kuna ufa ambao mume wangu aliniahidi kuuziba, hakuwahi, na mimi nimeshindwa kumwita fundi.

Sasa kuna kituo kimoja, kiko mji wa mbali sana na hapa, kimeniomba nikafundishe watu wazima kusoma na kuandika. Mkataba ni wa mwaka mmoja, unaweza kuongezwa. Malipo ni karibu nusu ya mshahara wangu wa sasa. Nimekuwa nikijitolea kwenye madarasa kama hayo jioni baada ya kazi, na siku mama mmoja aliponionyesha jina lake alilolisaini mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, nilirudi nyumbani nikashindwa kulala kwa furaha. Wanataka jibu langu mwisho wa mwezi ujao.

Tangu niwaambie ndugu, sina amani. Kaka yangu amesema mtu mwenye akili timamu haachi ajira wakati kustaafu kumekaribia. Wifi yangu amesema ninakimbia kumbukumbu za kaka yake. Kazini wananiambia kuna watu wanalilia kiti changu. Na ukweli ni kwamba sinyanyaswi kazini, wala sina deni, wala siumwi. Ndiyo maana naona aibu hata kulisema hili. Ningekuwa na shida, watu wangenielewa.

Amejitokeza mtu anayetaka kununua nyumba. Atalipa fedha zote kwa mkupuo, ila anataka jibu haraka. Nimewaza niuze, kwanza nipate fedha za kuanzia maisha, pili, nikuambie kweli Shangazi, nikiuza sitakuwa na pa kurudi, basi nitalazimika kujikaza. Lakini binti yangu aliposikia alinipigia simu akilia. Akaniuliza, "Mama, sasa likizo nitarudi wapi? Kwetu patakuwa wapi?" Nilikosa la kumjibu, na mpaka leo sijalipata.

Shangazi, je, huu ni ubinafsi? Nitajuaje kama ninakimbia au ninakwenda? Niuze nyumba? Niache kazi? Nisaidie.

Mama wa Watoto Wawili

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa msiba, maana miaka mitano si mingi kwa mtu uliyejenga naye chumba kimoja kimoja.

Nimeisoma barua yako, nikairudia, na kuna jambo nimeliona ambalo huenda wewe mwenyewe hukuliona ulipokuwa ukiandika. Nyumba umeielezea mpaka ufa wa ukutani. Kituo unachotaka kwenda hukukielezea kabisa: sijui kina wanafunzi wangapi, utalala wapi, nani atakuwa bosi wako, wala mji wenyewe ukoje. Hata hivyo, katika barua nzima neno furaha limetokea mara moja tu, na limetokea pale uliposimulia kuhusu yule mama na saini yake. Yote mawili nimeyaweka mbele yangu ninapokujibu. Moyo wako umeshaondoka, lakini macho yako bado hayajatazama unakoelekea.

Nikupe msimamo wangu mapema ili usiutafute katikati ya maneno. Naona uende. Naona usiuze nyumba, angalau si mwaka huu, na si kwa huyo mnunuzi mwenye haraka. Na kuhusu kazi, usiandike barua ya kuacha kabla hujauliza maswali nitakayokupa hapa chini. Umeyafunga mambo matatu kwenye furushi moja, kwenda, kuuza na kuacha kazi, na ndugu zako wanapolipinga furushi, wewe unadhani wanapinga safari. Lifungue. Kila jambo lina jibu lake na wakati wake.

Nianze na nyumba, kwa sababu ndiko maumivu yaliko.

Mwaka 1990 watafiti watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha jaribio ambalo huwa nalikumbuka kila ninapopata barua kama yako. Waliwagawia vikombe wanafunzi nusu ya darasa, nusu nyingine wakawaacha bila. Kisha wakawaambia wauziane. Waliopewa vikombe walitaka bei ya takriban mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, na vikombe vyenyewe walikuwa wamekaa navyo dakika chache tu. Kumbe kitu kikishakuwa mkononi, kukiachia kunauma kuliko raha tuliyopata kukipokea. Kahneman na mwenzake Amos Tversky walikuwa wameshaandika hayo tangu 1979: hasara huutikisa moyo kuliko faida ya ukubwa ule ule.

Kama ni hivyo kwa kikombe cha dakika chache, sembuse nyumba yenye mwandiko wa mumeo kwenye fremu ya mlango? Nakuambia haya ili uyatenge mambo mawili. Kwamba kuondoka kunakuuma ni kweli, na kutaendelea kukuuma. Lakini maumivu hayo hayathibitishi kwamba uamuzi ni mbaya. Yangekuwepo hata kama unakokwenda ni kuzuri mara kumi. Wengi hukaa maisha yao yote mahali fulani kwa sababu kila walipojaribu kuinuka walisikia uchungu, wakaudhani ni onyo.

Na uchungu wenyewe usiudharau. Kule Boston, Marekani, mtaa mmoja uitwao West End ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wakazi wake wakahamishwa. Mtafiti Marc Fried aliwafuatilia, na mwaka 1963 akaandika kwamba wengi wao waliziomboleza nyumba zao kama mtu anavyomwomboleza aliyefariki, na wengine bado walikuwa na majonzi miaka miwili baadaye. Wale walilazimishwa, wewe unachagua, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini jiandae: utakapofunga mlango ule utafiwa kidogo mara ya pili. Usishangae, na usimruhusu mtu akuambie kwamba machozi hayo maana yake ulikosea.

Sasa wifi yako. Yeye naye amefiwa na kaka, na nyumba hiyo ni mahali pa mwisho anapomkuta. Mwelewe kwa hilo. Ila kwamba unamkimbia marehemu, mimi sikubaliani. Anayekimbia kumbukumbu huondoka mapema, wakati jeraha bado bichi, na mara nyingi hata hajali anaelekea wapi. Wewe umekaa miaka mitano, umepaka rangi nyumba nzima ukaizunguka fremu moja. Huyo si mtu anayekimbia.

Hata hivyo umeniuliza utajuaje, nami sitaki utegemee neno langu peke yake. Jiulize hivi: kituo kikikuandikia kesho kwamba nafasi imefutwa, utafanya nini wiki ijayo? Kama jibu ni kwamba utatafuta mji mwingine wowote mradi usiwe hapo, basi kuna kitu nyumbani au kazini kinachokusukuma, na inafaa ukitaje kwa jina kabla ya kusafiri, maana utasafiri nacho. Kama jibu ni kwamba utalia siku mbili halafu jioni utarudi kwenye lile darasa lako la kujitolea, basi unakwenda. Mimi nimeshakisia jibu lako, lakini lijibu mwenyewe, na ulijibu kwa maandishi.

(Hapa niseme neno moja kwa msomaji mwingine. Kama wewe unayesoma haya unaishi na mtu anayekupiga au kukutisha, huu ushauri wa taratibu taratibu haukuhusu. Kukimbia kwako ni halali. Zungumza kwa siri na mtu unayemwamini au na watu wanaosaidia waathirika, mpange namna ya kutoka salama; nyumba na vyombo vitajadiliwa ukiwa hai.)

Mwanangu, sentensi iliyonitia hofu katika barua yako yote ni ile ya kwamba ukiuza hutakuwa na pa kurudi, basi utajikaza. Watu hulisifia jambo hili na kuliita ujasiri. Mimi nimeona linavyoishia. Mtu huuza kila kitu, anafika ugenini, miezi michache ya kwanza kila kitu kinampendeza, kisha siku zinaanza kuwa nzito. Hilo si la ajabu. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha utafiti juu ya watu wa Norwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Waliokaa chini ya miezi sita walisema wanaendelea vizuri. Waliokaa kati ya miezi sita na kumi na minane ndio waliokuwa na hali ngumu zaidi. Waliopita hapo walikuwa wametulia tena. Tafiti za baadaye hazikuikuta sura hiyo kwa kila mtu. Wapo ambao mwanzo ndio huwa mgumu kuliko yote. Lakini kwamba kuna kipindi cha bonde, hilo nimelisikia kwa karibu kila aliyehama.

Ukiwa ndani ya bonde hilo utatamani kurudi. Asiye na pa kurudi hajikazi, anajilaumu. Kila usiku anaipigia hesabu nyumba aliyouza, na nguvu ambazo angezitumia kujenga maisha mapya zinaishia kwenye majuto. Mwenye nyumba yake bado anaweza kujiambia, "Nitaamua mkataba ukiisha," akalala, asubuhi akaenda darasani. Kuwa na pa kurudi ndiko kutakakokupa ujasiri wa kubaki.

Kwa hiyo pangisha. Tafuta mpangaji kwa muda unaolingana na mkataba wako, uandike naye makubaliano, na umpe mtu mmoja unayemwamini mamlaka ya maandishi ya kushughulikia kodi na matengenezo. Chumba kimoja kifunge, uweke humo vitu ambavyo hutaki mtu avishike, na kwenye makubaliano iandikwe kwamba chumba hicho hakimo. Kodi iende kwenye ada ya binti yako kabla ya jambo jingine lolote. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu barua yako haikutaja ada, na mtoto wa mwaka wa pili bado ana safari. Ukishaihakikisha hiyo, nusu ya swali lako la ubinafsi imejibika.

Na kuna jambo ambalo halikutajwa kabisa: hati ya nyumba ina jina la nani? Kama ni la marehemu, au la nyinyi wawili, je, mirathi ilifunguliwa na kukamilika? Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na wakati mwingine hata kati ya dini na dini, lakini mahali pengi watoto wana haki katika mali ya baba yao, na mjane hawezi kuuza peke yake. Mnunuzi anayetaka jibu la haraka kwa nyumba ya mjane, huku watoto hawajashirikishwa, ananitia wasiwasi. Mwambie haiuzwi. Kisha nenda kwa mwanasheria hata kama huuzi, uweke mambo hayo sawa, kwa faida yako na ya wanao.

Kuhusu fremu ya mlango, chukua karatasi ndefu uibandike juu yake, ufuatishe kila alama na kila herufi kama zilivyo. Piga na picha. Na yule fundi wa ufa mwite kabla mpangaji hajaingia, au uache ufa ulivyo na umwambie mpangaji asiuguse. Vyovyote utakavyoamua ni sawa. Ila amua wewe, usije ukaamuliwa na mpangaji siku moja umo ugenini.

Nije kwa kaka yako. Usimwone adui. Kwenye fedha ana hoja, na ingekuwa vizuri ukae naye na kalamu badala ya kubishana naye. Wewe ni mhasibu, hesabu unazijua kuliko mimi, lakini najua pia kwamba wanaohesabu fedha za wengine kila siku mara nyingi huogopa kuhesabu zao. Uliza ofisini, kwa maandishi, mambo haya: kuna likizo bila malipo, na ni ya muda gani? Ukiacha sasa, mafao yako yatakuwa kiasi gani ukifika umri wa kustaafu, ukilinganisha na ukibaki? Je, yanaweza kubaki kwenye mfuko yakikusubiri bila kuyatoa? Bima ya afya inakoma siku gani, na kituo kinatoa bima yoyote? Kuna watu wamevumilia kazi miaka mingi kwa kuogopa hasara ambayo hawakuwahi kuipima, na wengine wameacha kazi mwaka mmoja tu kabla ya kutimiza masharti ya mafao makubwa. Pande zote mbili zinasikitisha, na zote zingezuilika kwa barua ya ukurasa mmoja.

Halafu jaribu jambo hili kuanzia mshahara ujao: ishi kwa nusu. Ile nusu nyingine iweke mahali usipoifikia kwa urahisi. Kabla tarehe ya kuwajibu haijafika utakuwa umejua, kwa mwili wako, maisha ya nusu mshahara yana ladha gani na nini kinakushinda. Na utakuwa na akiba ya kuanzia bila kuuza hata kiti.

Umeona aibu kutaka kuondoka wakati huna shida. Hiyo aibu iache. Tumezoea kumpa ruhusa ya kuhama mtu aliyefukuzwa, aliyeachika, aliyefilisika. Mtu aliyeshiba akisema anataka kitu kingine tunamwona hana shukrani. Lakini ni lini utakuwa na nafasi nzuri kuliko sasa? Una afya, huna deni, watoto wamekua. Kungoja mpaka shida ikusukume maana yake ni kwenda ukiwa huna nguvu.

Thomas Gilovich na Victoria Medvec, katikati ya miaka ya 1990, waliandika juu ya majuto. Waligundua kwamba kwa muda mfupi watu huumizwa zaidi na walichofanya kikaharibika, ila wakitazama nyuma maisha yao yote, yanayowarudia ni yale ambayo hawakuyafanya. Mchumi Steven Levitt naye aliwaalika watu waliokwama kwenye uamuzi warushe sarafu mtandaoni. Zilirushwa zaidi ya mara elfu ishirini. Wale ambao sarafu iliwaambia wabadilike walielekea zaidi kubadilika, na miezi sita baadaye waliofanya mabadiliko makubwa walikuwa na furaha kuliko waliobaki. Hao walikuwa watu waliokwisha kuyumba, kama wewe, kwa hiyo mtu aliyetulia asiyachukue haya akaivunja nyumba yake. Kwako wewe yananiambia kitu kimoja: mtu akishafika hatua ya kuwaandikia wengine usiku juu ya kuondoka, mara nyingi mizani imeshainama.

Kuna jambo ambalo wanaohama huwa hawalipangi, nalo ndilo linalowarudisha nyumbani kuliko fedha. Kule unakokwenda hakuna atakayekuwa amemjua mumeo. Hakuna atakayemtaja. Hapo ulipo, hata wifi yako akikukera, anakukera kwa jina la mumeo. Ugenini utapita wiki nzima bila kulisikia. Nakuomba usilifanye siri. Mtafute mtu mmoja mapema, mwenzako kazini au jirani, umwambie ulikuwa na mume, alikuwa mtu wa namna gani. Usisubiri uulizwe, watu huogopa kumuuliza mjane.

Na marafiki wapya huchukua muda kuliko tunavyodhani. Mtafiti Jeffrey Hall, mwaka 2018, alikadiria kwamba mtu huhitaji saa 50 hivi pamoja na mwenzake ili wawe marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ili wawe wa karibu. Tena saa za kukaa kazini pamoja hazikuwa na uzito kama zile za kupumzika pamoja. Kwa hiyo usihesabu darasa. Baada ya darasa, kubali kila mwaliko katika miezi ya mwanzo, hata siku umechoka. Ukijifungia chumbani kila jioni ukipiga simu za nyumbani, mwaka utakwisha na saa 200 hazijaanza.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu swali lake ndilo zito kuliko yote, na ndilo ulilonipa kwa uaminifu zaidi. Alipoteza baba akiwa bado msichana mdogo. Sasa anasikia mama anahama na nyumba inauzwa, vyote katika simu moja. Hakuulizia kitanda cha likizo. Aliuliza kama bado kuna mahali ambapo yeye ni mtoto. Basi usimpe hoja za kazi wala za furaha yako, si kwanza. Mpigie, au bora zaidi mfuate, umwambie maneno haya kwa utaratibu: nyumba haiuzwi, chumba kinachofungwa tutakichagua pamoja, likizo ya kwanza utakuja nilipo, nauli nimeiweka kando, na siku mkataba ukiisha, kabla sijaamua chochote, wewe na kaka yako mtakaa na mimi mezani. Kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakasirika bado. Ana haki. Hasira ya mtoto wa chuo haikuzuii kwenda, ila inakudai usimdanganye wala usimkate neno. Karatasi ile ya alama za mlango, ifuatisheni pamoja naye.

Kaka yake pia mwambie, hata kama anajitegemea. Wanaojitegemea husahauliwa.

Sasa ratiba, maana mwisho wa mwezi ujao si mbali. Wiki hii mkatae mnunuzi na upeleke maswali yako ofisini. Kisha chukua siku chache za likizo yako ya mwaka uende huko. Usiende kama mgeni wa kukaribishwa. Waombe uingie darasani siku za kawaida za kazi, uone mahali utakapolala, utembee kutoka huko mpaka kituoni kwa miguu, uwaulize walimu waliopo wameshakaa muda gani na waliotangulia waliondoka kwa nini. Uliza kama mishahara hulipwa kwa wakati, na umwulize mwalimu, si mkurugenzi. Ukikuta mambo siyo, hujapoteza nyumba wala kazi, na darasa lako la jioni lipo. Ukikuta ndiyo, waombe mkataba wa maandishi, umpe mwanasheria yule yule ausome. Barua ya likizo bila malipo, au ya kuacha kazi kama likizo haipo, iandike baada ya mkataba huo kusainiwa na pande zote mbili, si siku moja kabla.

Shangazi yako